Waridi za Kariandusi

Kila Jumamosi asubuhi Tabby Wangu alikwenda laivu mtandaoni, na Kipketer ndiye aliyemshikia simu. Alisimama katikati ya matuta ya kitalu chao kule Kiamunyi, mkono juu, pumzi ameibana, huku Tabby akitembea mbele yake taratibu, akigusa jani hili, akiinamia ua lile, akizungumza na watu asiowaona kana kwamba wote walikuwa majirani wa kwao Bondeni.

"Karibuni wapenzi wa bustani. Nani yuko na sisi leo? Eldoret mpo? Naivasha? Mama Chemutai wa Litein, salamu zako nimeziona. Sasa hebu mtazame hii lavenda. Ukiipanda karibu na dirisha la chumba cha kulala, bwana ataanza kurudi nyumbani mapema."

Vicheko na mioyo vikamiminika kwenye kioo cha simu. Kipketer naye alitabasamu, maana hakuna mtu aliyependa kumsikia Tabby akiuza maua kuliko yeye. Kisha likatokea jina ambalo siku hizi lilimkausha mate.

Kang'ethe: *Na asiye na mke aipande wapi?*

Tabby alisogea kusoma, akasogea karibu sana hata Kipketer akasikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake. Akacheka kicheko kile cha chini, kile ambacho Kipketer alidhani ni chake peke yake.

"Asiye na mke apande mlangoni, ndugu yangu. Mke akipita njiani atasikia harufu, aingie mwenyewe."

Kang'ethe: *Kama atakayepita ni wewe, nitapanda shamba zima.*

"Kip," Tabby alinong'ona bila kuacha kutabasamu, "picha inatetemeka."

"Mkono umechoka," Kipketer alisema. Mkono haukuwa umechoka hata kidogo.

Kitalu kile walikianzisha wawili, kwenye kipande cha kukodi ambacho zamani kilikuwa boma la ng'ombe. Kipketer alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha hadi siku alipoamua kwamba akipinda mgongo tena ataupinda kwa kilicho chake. Tabby alikuwa akiuza mitumba na mama yake. Walikutana kwenye grupu la wapenda bustani mtandaoni, wakibishana kuhusu chawa wa waridi, na ubishi ukawa urafiki, urafiki ukawa biashara, na biashara ikawa kile kilichokuwa kikitokea nyuma ya tangi la maji wakati hakuna mteja. Hapo nyuma ya tangi Kipketer alikuwa na maneno matamu yasiyokwisha. Mbele ya watu alikuwa bubu.

Hakuwa bubu bila sababu. Mama yake, Chepchumba, aliyeishi Mauche na ng'ombe wake, alikuwa amekwisha kumwuliza mara nyingi, "Huyo mtoto wa mjini, wa kuongea na simu, atajua kuamkia maziwa?" Naye Mama Tabby alisemekana kuuliza, "Huyo wa miche, mvua ikikosa mtakula petali?" Kipketer akawa anajiambia, tukipata shamba letu wenyewe nitasema. Msimu ukija mzuri nitasema. Misimu ikaja mizuri, na hakusema.

Sasa alikuwepo Kang'ethe.

Alianza kama wateja wote, kwa kuuliza ni waridi gani zingestahimili jua la Kariandusi, alikokuwa akijenga nyumba za wageni kwenye mteremko unaoitazama Elmenteita. Kisha maswali yakawa ujumbe wa sauti. Kipketer alikuwa akichanganya udongo na samadi upande wa pili wa ua, na alimwona Tabby ameweka simu sikioni, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mvua. Hakusikia maneno, ila aliona lile tabasamu.

"Anasema nini huyo?" alimwuliza siku moja, akijifanya hajali.

"Nani?"

"Wa Kariandusi."

"Anauliza kuhusu matandazo."

"Matandazo yanachekesha hivyo?"

Tabby aliishusha simu. "Kip, kama una neno, sema."

"Sina."

"Haya basi," Tabby alisema, akarudi kwenye simu yake, na kwa namna alivyogeuka mtu angeweza kufikiri amekatishwa tamaa. Kipketer hakufikiri hivyo. Mwenye wivu huona yote isipokuwa lile lililo mbele yake.

Kang'ethe akaja mwenyewe siku ya Jumatano. Kipketer alikuwa amemwomba Mungu awe mzee, au mfupi, au mwenye majivuno. Akashuka kwenye gari mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, sauti ya upole, viatu vyenye vumbi jeupe la kwao. Alimsalimu Tabby kwa mikono miwili. Alipita kwenye kila tuta akiuliza na kusikiliza majibu. Lililomuuma Kipketer zaidi ni kwamba mtu huyo alikuwa wa kupendeka.

"Na huyu?" Kang'ethe aliuliza walipofika alipokuwa amesimama na toroli.

Tabby alisita. Alisita kidogo tu. Macho yake yalimjia Kipketer, yakamngoja, yakamngoja tena. Kipketer akatazama gurudumu la toroli.

"Huyu ni Kipketer," Tabby alisema hatimaye. "Tunafanya naye kazi."

"Sasa boss," Kang'ethe alisema kwa uchangamfu, akampa mkono. "Utanichagulia zile nzuri, eh? Mimi macho yangu leo hayako kwa maua sana." Akamgeukia Tabby, na wote wawili wakacheka, wakaelekea kivulini ambako Tabby alikuwa ameandaa chai.

Tunafanya naye kazi.

Waridi za kuuzwa zilikuwa upande wa nje, zimekwisha kuzoezwa jua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mashina magumu, majani yenye rangi nzito. Waridi changa zilikuwa bado chini ya neti ya kivuli, laini, zinang'aa, nzuri kuliko za nje kwa macho ya asiyejua. Mche wa namna ile ukiutoa kivulini ukaupeleka moja kwa moja kwenye jua la Kariandusi ni kama kumtoa mtoto kwenye maji moto ukamlaza kwenye baridi.

Kipketer alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alisimama kati ya neti na jua, akasikia Tabby akicheka kule kivulini. Akaingiza toroli chini ya neti.

"Aisee, hizi ni nzuri," Kang'ethe alisema akizipanga garini. "Asante, boss. Umenifanyia haki."

Kipketer alisema karibu. Gari lilipoondoka, alijisikia mshindi kwa muda wa mtu kunawa mikono. Kisha akaanza kujisikia kama mtu aliyemeza jiwe.

Hakulitapika. Siku zikapita, naye kila siku alisema kesho.

Alasiri moja alimkuta Tabby ameketi juu ya kreti karibu na mlango wa kitalu, simu mapajani, macho mekundu. Hakuinuka.

"Soma," alisema.

Ilikuwa picha kwenye grupu la wapenda bustani, lile lile walimokutana. Waridi, safu nzima, majani yameungua yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kang'ethe alikuwa ameandika bila ubaya wowote: *Naomba ushauri. Hizi nilinunua kwa Tabby wa Kiamunyi. Nimemwagilia kama alivyonielekeza. Nimekosea wapi?*

Chini yake watu hawakuwa na upole huo. *Hujakosea, umeuziwa hewa.* *Hawa wa mtandaoni wote ni wale wale.* *Na vile anajua kuongea!* Mwalimu mmoja wa Kericho, aliyekuwa amepanga kununua kwao miche ya kupamba kanisa zima, aliandika maneno machache tu: *Tabby, nimevunjika moyo.*

"Nimejiuliza tangu asubuhi," Tabby alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Maji nilimwambia asubuhi na jioni. Matandazo nilimwambia. Udongo wake mweupe nikamwambia auchanganye na samadi. Kip, nilisahau nini? Watu hawa walinipa jina. Sina kitu kingine, nina jina tu. Nilisahau nini?"

Uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni mwake. Angeweza kusema ni udongo, ni upepo, ni mtu kumwaga maji mchana, na Tabby angemwamini. Lakini alimwona akijitafuta kosa kama mtu anayepapasa gizani, akaona hawezi kumwacha humo.

"Hukusahau kitu," alisema. "Miche haikuwa imezoea jua."

"Ya nje ilikuwa imezoea. Niliisogeza kwa mikono yangu."

"Sikumpa ya nje. Nilimpa ya chini ya neti."

Tabby aliinua uso. "Ulichanganya?"

"Hapana."

Upepo ulipita ukatikisa neti. Tabby alisimama polepole.

"Ulijua itaungua?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya yale maneno yake. Kwa sababu ya vile unavyomsikiliza. Kwa sababu alinishika mkono kama anayemshika kibarua, na wewe ukasema tunafanya naye kazi." Alirudia kwa nguvu: "Tunafanya naye kazi, Tabby!"

"Ningesema nini?" Tabby alipaza sauti. "Nifundishe! Ningesema huyu ni nani? Nilikungoja pale. Nilikutazama useme mwenyewe, ukatazama toroli. Nyumbani kwenu mimi ni nani? Kwa mama yako mimi ni nani?"

"Unajua nakupenda."

"Nyuma ya tangi unanipenda. Hapo nyuma ya tangi hata kuku wanajua. Mbele ya mama yangu hujawahi kusimama hata kuomba maji." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. "Kang'ethe amekuja mara moja, akauliza nyumbani ni wapi. Jumapili alikaa na Mama, akanywa chai, akasema anachotaka bila kuzunguka. Ameniomba, Kip. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Unajua muda huo ulikuwa wa nani?"

Kipketer akatazama chini, kama siku ile ya toroli.

"Ulikuwa wako! Nilisema, akisikia, atasema neno. Hata neno moja. Na wewe, badala ya kusema neno, ukaua maua."

"Nilitaka kwanza tupate shamba letu..."

"Nani alikuomba shamba?" Alivua aproni yake, akaiangika mlangoni. "Unanionea wivu wa mume, na kwetu hujafika hata kama mgeni. Mimi naenda nyumbani. Usinifuate."

Aliondoka akiwa amenyoosha mgongo. Kipketer alibaki na miche yote, na hakuwahi kukiona kitalu kile kikiwa kikubwa na kitupu kama jioni ile.

Kesho yake alikodi pikapu, akapakia waridi za nje, zile ngumu, nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akaenda Kariandusi.

Kang'ethe alikuwa kwenye mteremko wake, amevaa gambuti, anang'oa mashina makavu moja moja na kuyalaza kando kwa uangalifu, kama mtu anayeheshimu kilichokufa. Chini kule ziwa liling'aa, na ukingoni mwake ndege aina ya heroe walikuwa mstari wa rangi ya waridi wenye uhai.

"Boss," alisema akishangaa. "Tabby amekutuma?"

"Hajui niko hapa. Nimekuja kukuambia kwamba hukukosea chochote. Nilikupa miche ambayo haikuwa imetolewa kivulini. Nilijua itakufa."

Kang'ethe alijipangusa mikono kwenye suruali. Hakuonekana kuelewa, kisha akaonekana kuelewa yote kwa mara moja.

"Unampenda."

"Ndiyo."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Mama yake ndiye sijamwambia. Mama yangu pia sijamwambia."

"Ala!" Kang'ethe alicheka, kicheko kikavu. "Mimi nilikaa Qatar miaka na miaka, nikitazama mchanga. Niliporudi, mke alikuwa amechoka kungoja, akaenda zake, na sikumlaumu. Nikasema nitafute kitu cha kijani nikitazame. Siku moja nafungua simu, nasikia sauti ya huyo msichana anaeleza vile mtu humwagilia waridi. Kipketer, nilijisikia nimefika nyumbani." Alipiga teke bonge la udongo mweupe. "Ningekuwa kijana ningekupiga."

"Nipige tu."

"Sitaki. Na kama ulikuja ukitegemea nijitoe, sijitoi. Nimemuuliza, nangoja jibu."

"Sikuja kukuomba ujitoe," Kipketer alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, maana hakuna kitu alichotamani zaidi. "Nimekuja kupanda."

Kang'ethe alimtazama, akautazama mzigo wa pikapu, akamtupia jembe.

Walichimba hadi jua likawa utosini. Kwa kila shimo Kipketer aliweka samadi, akakandamiza udongo kwa viganja, akaukinga kila mche kwa kipande cha gunia upande wa jua. Wivu ulikuwepo bado. Alipofikiri kwamba huenda Tabby siku moja atasimama hapa asubuhi, mkono kiunoni, akizitazama waridi hizi hizi akiwa mke wa mtu huyu, alilazimika kusimama na kuegemea mpini. Lakini aliendelea kupanda, na alipanda vizuri.

"Nitaifuta ile picha," Kang'ethe alisema walipomaliza.

"Usiifute. Wakiona imefutwa watasema Tabby amekulipa unyamaze. Ngoja."

Akatoa simu yake, akaketi juu ya jiwe, akaandika kwenye grupu mbele ya watu wote: *Mimi ni Kipketer wa Kiamunyi. Miche hiyo niliichagua mimi. Nilijua bado ni ya kivulini nikaitoa makusudi. Tabby hakujua lolote na maelekezo yake yalikuwa sahihi. Leo nimepanda mingine. Kosa ni langu peke yangu.*

Majibu yalikuja kama siafu. *Makusudi?* *Mtu huharibu biashara yake kwa nini?* Wengine walitukana. Mama Chemutai wa Litein akauliza moja kwa moja, kama kawaida yake: *Kijana, sababu ni gani?*

Kipketer alifikiri. Kisha akaandika neno moja: *Wivu.*

Grupu likalipuka kuliko siku ya mashindano ya maboga. Hakusubiri kusoma. Alimpa Kang'ethe mkono, na safari hii hakuna aliyemwita mwenzake boss.

Bondeni alifika jua likianza kulegea. Mama Tabby alikuwa ameketi mlangoni pake, cherehani mbele, anapunguza gauni la mitumba. Alimtazama juu ya miwani, kuanzia nywele zilizojaa vumbi jeupe hadi viatu.

"Wewe ndiye Wivu?" aliuliza.

Kumbe habari zilikuwa zimetangulia. Kipketer aliinamisha kichwa. "Ndiye mimi, Mama."

"Umekuja kuomba msamaha au umekuja kuomba mtoto?"

"Msamaha kwanza, Mama. Nimelichafua jina lake, na ni jina ulilompa wewe. Na la pili..." Aliona pazia la chumbani likisogea. Alisogea hatua moja mbele. "La pili nimechelewa nalo. Nampenda Tabby. Nilikuwa nampenda kimya kimya kwa sababu nilikuogopa. Naomba ruhusa nije na wazee wetu."

Mama Tabby alikata uzi kwa meno. "Yule mwingine ana nyumba. Ana adabu. Hakuua maua ya mtu."

"Ni kweli."

"Na wewe una nini?"

"Nina miche, Mama. Na mikono. Na huo wivu uliousikia."

Kitu fulani kilipita kwenye uso wa mama yule, huenda kikawa kicheko, ila alikimeza. "Tabby! Toka huko nyuma ya pazia, unaniharibia pazia."

Tabby alitoka. Alikuwa amefunga leso kichwani na hakuwa amejipamba kwa chochote, na Kipketer akaona hajawahi kumwona mzuri namna ile. Walitazamana hadi mama akakohoa.

"Nilisoma," Tabby alisema.

"Umenisamehe?"

"Bado. Nitakusamehe polepole, na utakuwa unaona." Alikunja mikono kifuani. "Lakini kuna jambo lazima ujue. Kang'ethe alinipigia leo mchana, baada ya wewe kuondoka kwake. Alitaka jibu lake. Nimempa."

"Umempa jibu gani?" Kipketer aliuliza.

Tabby alimkazia macho. Macho yake yalikuwa na machozi na yalikuwa na kitu kingine pia, kitu kikali, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuning'inia.

"Lete wazee wako kwanza," alisema. "Ndipo utajua."

"Tabby, nije na wazazi wangu toka Mauche bila kujua kama tayari wewe ni..."

"Ndiyo. Bila kujua. Mimi nimekungoja misimu yote hii bila kujua. Utaweza?"

Kipketer alimtazama mama, mama akarudi kwenye cherehani yake kana kwamba hayamhusu, ila gurudumu halikuzunguka. Alimtazama Tabby. Wivu ulimpanda kooni na maswali yake yote: alisema nini, alisema kwa sauti gani, alicheka? Akaumeza ukiwa mzima.

"Nitaweza," alisema. "Jumamosi ijayo."

Alitoka nje hadi kwenye kona ya barabara, akasimama kando ya kibanda cha kukaangia viazi karai, akapiga simu Mauche. Mama yake alipokea haraka, sauti ya ndama nyuma yake.

"Kipketer? Kuna nini? Unahema."

"Mama, mwambie Baba anyoe ndevu. Jumamosi tunaenda Bondeni."

"Kwa yule wa kuongea na simu?"

"Kwa Tabby, Mama."

"Na wao wamekubali?"

Kipketer aligeuka. Tabby alikuwa amesimama mlangoni kwao, mkono juu ya bega la mama yake, akimtazama bila kutabasamu na bila kuondoa macho.

"Sijui, Mama," alisema. "Tunaenda tu."